Milia ya Okapi

Bonde la Semliki, upande ambao theluji ya Ruwenzori huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, lilikuwa na wanyama wengi na kesi nyingi. Waligombania mipaka ya mashamba, mahari, jembe lililoazimwa likarudi bila mpini. Kesi zote aliziamua Mzee Kobe chini ya mvule. Alikuwa mzito wa kuamua, na hilo hakuna aliyelikana: mlalamikaji aliweza kufungua kesi wakati wa kupanda maharage akapewa hukumu wakati wa kuvuna mahindi. Lakini alikuwa na utaratibu ambao hakuuacha hata alipotukanwa. Mshitakiwa aliulizwa kwanza jina lake, jina la mama yake, na mahali alipokuwa siku ya tukio. Baada ya hapo ndipo mshitaki alipopewa nafasi ya kusema.

Kisha mauaji yakaanza.

Wauaji walitoka msituni jua likishatua. Waliingia kwa Digidigi, aliyekuwa amelala shambani kulinda kakao yake, wakaua baba, mama na shangazi, wakatokomea kabla jogoo hajawika. Wiki hiyo hiyo waliingia kwa Ngiri. Wiki iliyofuata, ng'ambo ya mto. Wanyama wakahamia mjini, kumi na wawili chumba kimoja, na asubuhi wenye moyo walirudi mashambani kuchuma walau sombe ya kupika jioni. Si wote waliorudi.

Msomaji wa Beni, mashariki mwa Kongo, hahitaji kuelezwa. Tangu Oktoba 2014 majina ya Ngadi, Oicha, Mbau na Eringeti yamegeuka majina ya misiba, na usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 msiba ukafika Rwangoma, mjini kwenyewe. Mimi nimechagua wanyama kwa sababu moja. Ukitaja kabila la mshitakiwa katika habari za nchi yetu, msomaji huacha kusoma kesi akaanza kusoma kabila. Basi tumpe mshitakiwa kwato, tuone kama tutamsikiliza.

Shahidi wa kwanza alikuwa Kanga. Usiku ule wa kwa Ngiri alijificha ndani ya matete, mwezi ukiwa mpevu. Alipoulizwa ameona nini, alisema kweli kadiri ya macho yake: "Niliona miili ikipita, ina milia." Ilikuwa miili mingapi, mikubwa au midogo, ilikuja kwa njia gani na kuondoka kwa njia gani, hakusema, maana hakuna aliyemwuliza. Neno hilo lilimtoka asubuhi. Kufika adhuhuri lilikuwa sokoni, na jioni kila mama alikuwa ameshamwonya mwanawe ajihadhari na wenye milia.

Siku tatu baadaye Pongo mmoja kijana alishuka kwenye lori la viazi lililotoka Lubero. Mnamjua pongo: mwili wa hudhurungi, na ubavuni mistari myeupe hafifu ambayo huioni mpaka usogee karibu. Siku hiyo walisogea karibu. Wakamsalimu, akaitikia kwa lafudhi ya kwao. Wakamfungua mzigo, ndani mna nguo, sahani ya bati na panga. Akaanza kueleza kwamba anakwenda kutafuta kibarua cha kupalilia, lakini sauti yake haikusikika tena. Mawe yalitoka pande zote za soko, kisha mtu akaleta mafuta ya taa.

Waliorusha mawe walikuwa wafiwa. Silisemi hili ili kuwatetea, nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, katika hekaya na nje yake. Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2014, mjini Beni, umati ulimpiga mawe kijana mmoja hadi akafa, ukamchoma. Alikuwa abiria. Wenzake ndani ya gari walimshuku kwa kuwa hakujua Kiswahili cha pale na alikuwa na panga. Panga! Katika nchi ambayo hata mtoto anayetumwa kuni huondoka nalo. Habari zilipoandikwa, jina lake halikujulikana. Ni nani aliyempigia mama yake simu, kama alikuwa na mama wa kupigiwa simu, sijui kama kuna aliyejaribu kutafuta.

Kifo cha Pongo ndicho alichokitumia Chui. Alikwenda mbele ya Mwami Tembo na baraza lote, akasema: "Mwami, mmeona wenyewe. Raia wanachukua sheria mikononi kwa sababu Kobe amechelewa. Nipeni mimi njia, nipeni pango, nipeni na kesi. Mwezi mmoja tu, nitamaliza." Wazee walikuwa wamechoka kuzika. Wakampa. Mvule ukazungushiwa miiba, Kobe akaambiwa apumzike, na Chui akawa mkamataji, mlinzi na hakimu. Mwezi ulipokwisha aliomba nusu mwezi wa kuongeza. Nusu mwezi ilipokwisha akaomba nyingine. Baada ya hapo baraza liliinua mikia kukubali hata kabla hajamaliza kuomba.

Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Magavana wakawa wanajeshi, mameya wa Beni na Butembo wakawa maafisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Ilikuwa iwe siku 30. Ikaongezwa siku 15, na 15 nyingine, na 15 nyingine, miaka ikapita. Wengi wetu tulipiga makofi siku ile ya kwanza. Tulikuwa tumelia sana, na mtu aliyelia sana hupokea msaada bila kuuliza masharti.

Sasa njoo darajani. Fisi wa Chui walivuta kamba ya mtambaa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila apitaye aliinua miguu ikaguliwe. Asiye na milia alitoa kipimo kimoja cha chumvi. Mwenye milia alitoa viwili, na akikosa alikaa kando juani hadi ndugu yake aje kumkomboa.

Okapi alifika siku ya soko, akitoka misitu ya Watalinga, amebeba gunia dogo la kakao mgongoni. Msituni kwao huzoea kutembea mmoja mmoja, hawana makundi, na hata majirani huwaona mara chache. Wazungu walimwandika vitabuni mwaka 1901 kwa ngozi na mifupa vilivyopatikana misitu ya upande huu huu. Wambuti walikuwa wakimjua tangu enzi.

"Inua mguu," alisema Fisi mkubwa.

Okapi akainua. Milia ilikuwepo, myeupe juu ya nyeusi, kuanzia gotini hadi matakoni.

"Masikio ya punda, kichwa cha twiga, miguu sijui ya nani. Wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni okapi, komanda. Babu yangu amezikwa Watalinga."

"Mbona sijawahi kukuona?"

"Tunatembea peke yetu, komanda. Ndivyo tulivyo."

Fisi akamgeukia karani wake. "Andika: hutembea peke yake, anajificha. Kipande kiko wapi?"

"Kilibaki ndani ya nyumba usiku tuliokimbia."

"Andika: hana kipande."

Karani aliandika kwa mwiba juu ya jani bichi la mgomba. Jani la mgomba likikaa juani hujikunja, kisha hupasuka kufuata mistari yake. Jioni, walipokusanya maandishi ya siku nzima, la Okapi lilikuwa vipande viwili. Kipande chenye jina la mama yake na mahali alipolala usiku wa mauaji kilipeperuka mtoni. Kilichobaki kilisema: milia, peke yake, hana kipande. Kwa maneno hayo alifungwa.

Kwetu, kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wa kawaida. Aliyetoka mbio Eringeti usiku bila kuichukua hufika kwenye kizuizi akiwa hana jina. Na ni kadi hizo hizo ambazo tarehe 30 Desemba 2018, nchi ilipochagua rais, hazikutumika Beni wala Butembo. Uchaguzi wa huko uliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa Januari. Kadi isiyotosha kumpigia mtu kura ilitosha kumfungisha asipokuwa nayo.

Pango la Chui lilichimbwa kwa ajili ya wanyama hamsini. Kufikia mwezi wa tano lilikuwa na mia tatu na kumi: wenye milia, wenye madoa yanayofanana na milia, waliokosa chumvi, waliouliza habari za ndugu zao. Humo pia mlikuwa na wauaji wanne waliokamatwa kweli, wakiwa na damu mikononi. Wote walilala pamoja. Waamuzi wa Chui walikuwa wawili, nao walihitajika vitani, kwa hiyo majani ya mgomba yalirundikana yakaoza yakisubiri.

Usiku mmoja wauaji walikuja kuwachukua wenzao. Walivunja mlango wa pango, wakaita majina manne, wakaondoka nayo. Waliobaki wakatazama mwanya ulio wazi mbele yao. Wewe ungefanya nini? Walikimbia. Okapi naye alikimbia hadi mtoni, akakaa ndani ya maji hadi kifuani, akafikiri. Alfajiri akarudi na kusimama mbele ya pango.

"Nimerudi," alisema. "Naomba kesi yangu isikilizwe."

Fisi mkubwa alimwita karani. "Andika: alitoroka." Kisha akaongeza: "Andika: alirudi, pengine ametumwa."

Gereza la Kangbayi mjini Beni lilivunjwa tarehe 11 Juni 2017 na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Likavunjwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, wakatoka zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo, zaidi ya 800. Kila mara habari husema "watoro", na neno hilo humeza kila aliyekuwemo. Lakini magereza yetu yamejaa mahabusu ambao hakimu hajawaona usoni. Kijana aliyeshikwa kwenye kizuizi kwa sura yake au lafudhi yake, akakaa ndani miezi bila kuulizwa swali, mlango ukavunjwa na watu wenye bunduki: akikaa atadhaniwa anawangojea, akitoka ni mtoro. Tumemtengenezea hatia ambayo hakuwa nayo alipoingia. Na yule muuaji wa kweli, ambaye ushahidi dhidi yake ulikuwepo na kesi yake ingeweza kwisha kwa wiki mbili, amerudi msituni pamoja na jalada lake.

Pango likajazwa upya ndani ya mwezi mmoja. Chui alipata wanyama wa kutosha pale pale darajani.

Wa kwanza kusema hadharani walikuwa chiriku, vijana wadogo wenye sauti nyembamba. Walikaa chini mbele ya ua wa Mwami Tembo, hawana jiwe wala fimbo, wakataka jambo moja: miiba iondolewe kwenye mvule, Kobe arudi. Fisi waliwapeleka pangoni, kumi na watatu kwa mkupuo.

Nimeweka idadi hiyo kwa makusudi. Wanafunzi wa Beni walikaa uwanjani kwa meya Aprili 2021 wakiomba amani, polisi wakawatawanya. Novemba mwaka huo vijana 13 wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa mjini humo kwa kupinga utawala wa dharura, na tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu miezi 12. Kabla yao, tarehe 21 Mei 2020, polisi walimpiga risasi Freddy Kambale wa LUCHA katika maandamano ya amani Beni, akafa. Siku nne baadaye, Minneapolis nchini Marekani, George Floyd alikufa chini ya goti la polisi, na dunia nzima ikasimama, ikajadili rangi ya ngozi na polisi. Ilifanya vyema kusimama. Ningependa Afrika tujue kwamba maswali yale yanatuhusu hata pale ambapo askari na raia wana ngozi moja, kwa maana anayetaka kubagua hakosi alama: akikosa rangi atatumia lafudhi, akikosa lafudhi atatumia pua. Na katika kesi ya Freddy afisa wa polisi alishitakiwa mwaka huo huo, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Iliwezekana pale palipokuwa na mashahidi walioitwa wakasema na jina la marehemu lililoandikwa likatajwa.

Aliyewashinda Chui na baraza ni Mama Ngiri.

Alikuwa amezika watano. Hakuna aliyethubutu kumzuia alipopita katikati ya baraza na kusimama mbele ya Mwami, kanga yake ya matanga bado kiunoni.

"Mwami," alisema, "watu hawa wamefungwa kwa jina langu. Kila siku naambiwa: Mama, tumekukamatia wengine. Mia tatu na kumi. Na jana usiku wameuawa watoto wa Kwale. Kama walio pangoni ndio wauaji, aliyekuja jana ni nani?"

Chui akasema bado kuna wenye milia wengi nje.

"Nimeuliza aliyekuja jana," Mama Ngiri alisema. "Wewe mwanangu umekaa darajani na kamba yako. Alipita wapi?"

Tembo hakuwa mbaya. Alikuwa mkubwa, na mkubwa hufikiwa na habari zikiwa zimeshapakwa asali. Siku hiyo ilimfikia moja bila asali. Akaagiza miiba iondolewe.

Kobe hakuanzia mvuleni. Alisubiri mwezi upevuke, akawachukua wote hadi kwenye matete nyuma ya nyumba ya Ngiri: baraza, Chui, Fisi, wafiwa, na washitakiwa wakiwa wamefungwa kamba. Akamwambia Kanga ajifiche pale pale alipojificha, achuchumae kama alivyochuchumaa. Kisha akamwita mnyama mmoja mmoja apite upande wa pili.

Akapita Okapi. "Nimeona milia," alisema Kanga.

Akapita Mama Ngiri, ambaye ngozi yake ni ya kijivu mwili mzima. Kanga akanyamaza kidogo. "Nimeona milia."

Kobe akawasogeza wazee wa baraza karibu na Kanga, wachuchumae naye. Mwanga wa mwezi ulipita katikati ya mashina ya matete, na kila shina lilitupa kivuli chake. Akapita Chui, madoa yake yakamezwa, wakaona mistari myeusi kutoka shingoni hadi mkiani. Akapita Tembo. Juu ya ubavu ule mpana kulikuwa na milia zaidi ya aliyokuwa nayo Okapi miguu yote minne.

"Sikusema uongo," alisema Kanga, akilia.

"Hukusema uongo, binti yangu," alijibu Kobe. "Tulikosa kukuuliza ulikuwa umekaa wapi."

Kesho yake, mvuleni, alimwuliza Okapi maswali yake matatu. Okapi akataja jina lake, la mama yake, na nyumba alimolala usiku ule: kwa Bibi Nungunungu, akimsaidia kuanua kakao kwa kuwa mvua ilitishia. Bibi Nungunungu akaletwa. Alithibitisha, hata akataja idadi ya mikeka. Alikuwa ameshakwenda darajani mara mbili kusema hayo, akadaiwa chumvi ya kumwona komanda, naye hakuwa nayo.

Kisha Kobe akauliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa: kakao ya mashamba yaliyokimbiwa imevunwa na nani? Mashamba ya Digidigi, ya Ngiri, ya Kwale, yote yalikuwa matupu, na wenyewe ama walikufa ama walikuwa mjini. Kakao haitembei. Akaomba majani ya darajani, ya zamu za usiku, saa ambazo raia walikatazwa kutoka. Fisi mkubwa alisema yameoza. Karani wake, yule wa mwiba, alikuwa kijana na alikuwa na mama mjane. Alisimama, akasema mengine ameyahifadhi nyumbani kwake, chini ya kitanda, yamekaushwa kivulini ili yasipasuke. Yakaletwa. Usiku wa kwa Digidigi: magunia kumi na manne, yamepita, yamelipiwa. Usiku wa kwa Ngiri: tisa. Majina ya waliobeba yalikuwepo, na kiasi cha chumvi, na alama ya ukucha wa aliyepokea.

Chui alitaka kikao kiahirishwe. Kobe, mzito wa kuamua tangu kuzaliwa, alikataa.

Okapi alifunguliwa kamba adhuhuri. Aliomba gunia lake la kakao, na Kobe akaamuru lilipwe kutoka chumvi ya daraja. Fisi mkubwa na waliotajwa kwenye majani waliwekwa chini ya ulinzi, nao wakaahidiwa kuulizwa maswali yale yale matatu kabla ya neno lolote kusemwa juu yao. Mama Ngiri aliomba akae mbele, awaone wakijibu.

Jalada la pili lilikuwa la Pongo. Kobe alitaka kuandika jina la marehemu, akauliza soko zima, hakuna aliyelijua. Akaacha nafasi wazi, akatuma ndege wawili Lubero kumtafuta mwenye lori la viazi, huenda anakumbuka kijana alipandia wapi. Akafika kwenye sehemu ya washitakiwa. Akainua macho kutazama umati, na umati ukatazama chini. Baada ya muda mrefu alisimama kijana wa Ngiri, mtoto wa pekee aliyebaki kwa Mama Ngiri.

"Mimi nilirusha," alisema. "Nilirusha mawili."

Mama yake hakumvuta akae. Kobe aliandika jina lake, akamwambia kwamba atasikilizwa siku ndege watakaporudi, na kwamba anaweza kuleta shahidi. Halafu akanywa maji, akafuta miwani, akaita jalada la tatu.